Kijiti kinajiendea, kitufe hakishiki: nianzie wapi?

Swali: Nimenunua konsoli ya mkononi iliyotumika. Kijiti cha kushoto kinajiendea kuelekea juu hata nisipokigusa. Kitufe cha A hakishiki mpaka nikikandamize kwa nguvu. Kitufe cha bega la kulia nikikibonyeza mara moja kinasoma mara mbili, na kwenye msalaba (kitufe cha mielekeo minne) nikibonyeza kulia, mara nyingine inasoma juu. Aliyeniuzia alisema inahitaji kusafishwa tu. Nimeshaagiza kijiti kipya. Nianze kwa kukibadilisha, au kuna cha kupima kwanza?

Jibu: Kijiti kipya kiache kwenye pakiti yake kwa sasa. Dalili zako nne zinatoka katika familia tatu za hitilafu. A na msalaba ni mambo ya mpira na kaboni. Bega ni swichi ndogo ya chuma. Kijiti ni kihisi kinachosugulika. Kusafisha kunaweza kuponya familia ya kwanza, kwa bahati na ya pili. Kijiti kipya kinaponya ya tatu peke yake. Tena ukianza na kijiti na tatizo likabaki, hutajua kama kipya ni kibovu, kama waya wake haukukaa sawasawa, au kama chanzo kilikuwa kwingine tangu mwanzo.

Hukutaja ni konsoli gani, lakini si kikwazo kikubwa. Ndani ya DS Lite, PSP au Switch, vidhibiti vinafuata kanuni hizihizi. Kinachotofautiana ni namna ya kuvifikia.

Kupima kabla ya kufungua

Pima nje ya mchezo. Michezo ina mipangilio yake ya vitufe na ya wepesi wa kijiti, kwa hiyo ukipimia ndani ya mchezo unapima vitu viwili kwa pamoja. Switch ina ukurasa wake wa kupimia: ingia kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya vidhibiti na vihisi, utakuta pa kujaribu vitufe na pa kusawazisha vijiti. Hapohapo hakikisha mwenye nayo wa kwanza hakubadilisha kazi za vitufe, maana tangu 2020 mfumo wa Switch unaruhusu kitufe kimoja kupewa kazi ya kingine. PSP haina ukurasa wa namna hiyo, ila kivinjari chake cha intaneti husogeza kielekezi kwa kijiti: kifungue, ondoa kidole, tazama kama kielekezi kinatambaa. Kwenye PSP hiyohiyo angalia swichi ya kuwashia. Ikisukumwa upande wa kufunga, vitufe vyote hunyamaza na mashine huonekana imekufa kumbe nzima.

Kama vidhibiti vyako ni vya kuchomoa, mfano Joy-Con za Switch, vipime vikiwa vimeshikizwa kwenye konsoli na tena vikiwa mbali nayo. Hitilafu ikitokea vikiwa mbali tu, shuku mawimbi ya redio au betri ya kidhibiti, si kitufe.

Kisha bonyeza kila kitufe mara 20 polepole kwa nguvu ya kawaida, mara 20 kwa haraka, halafu kishikilie kwa sekunde 10. Andika matokeo. Hatua ya kushikilia wengi huiruka, nayo ndiyo inayosema zaidi: kitufe kinachokatikakatika kikiwa kimeshikiliwa kina mguso dhaifu, kinachotulia kikishikiliwa lakini kinasoma mara mbili wakati wa kubonyezwa au kuachiwa kina bamba la chuma lililochoka au lenye uchafu.

Jambo la mwisho kabla ya bisibisi ni betri. Laza konsoli juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikiyumba, au mfuniko wa betri haukai sawa na ganda, betri huenda imevimba. Betri iliyovimba husukuma bodi kutoka nyuma, ikabana vitufe au kuvitenganisha na vigusano vyake, na unaweza kuhangaika na mpira wiki nzima bure. Ikiwa imevimba, usiichaji tena, usiitoboe, na usiikwangue kwa chombo chenye ncha; itoe, ipelekwe mahali panapopokea betri mbovu, ndipo uendelee na betri nzima.

Kufungua

Konsoli nyingi za Nintendo zina skrubu za mabawa matatu, na bisibisi yake kwa saizi ndogo huitwa Y00. Zilizobaki ni za msalaba, PH00 mara nyingi. Usijaribu ya mabawa matatu kwa bisibisi bapa. Kichwa kikishalika, saa moja ya kazi inageuka siku nzima. Tafuta pia skrubu zilizojificha chini ya vifuniko vya mpira, chini ya stika na ndani ya chumba cha betri. Ganda likigoma kuachia, kuna skrubu uliyoisahau. Usilibandue kwa nguvu.

Chora umbo la konsoli kwenye karatasi na uweke kila skrubu mahali pake kwenye mchoro. Urefu wake hutofautiana, na skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa hadi kwenye bodi. Toa kadi ya kumbukumbu na kaseti ya mchezo kabla ya kutenganisha ganda. Kwenye Steam Deck ukisahau kadi ndani, ganda linaikata katikati. Ukishafungua, kazi ya kwanza ni kuchomoa betri.

Kabla ya kugusa chochote, tazama kama kuna aliyekutangulia: vichwa vya skrubu vilivyokwaruzika, skrubu pungufu, utepe wa gundi pasipohitajika, mabaki ya kahawia ya flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike) kuzunguka swichi. Kwa mashine iliyotumika hili ni la kawaida, na hubadilisha uchunguzi. Kitufe kilichokufa pembeni ya lehemu ya mkono wa mtu mara nyingi kina mguu usioshika, si mpira uliochakaa.

A na msalaba: mpira, kaboni, bodi

Chini ya kitufe cha plastiki kuna mpira wa silikoni wenye kuba, na ndani ya kuba kuna kidonge cheusi cha kaboni. Ukibonyeza, kidonge hulala juu ya vigusano viwili vya bodi na kuviunganisha. Katika saketi ya kawaida, laini ya kitufe hushikiliwa kwenye volti ya juu kwa ukinzani (kizuizi cha umeme, hupimwa kwa omu), na ukibonyeza hushushwa karibu na sifuri. Kwenye Game Boy Advance ya 2001, kwa mfano, vitufe vyote 10 vinasomwa katika rejista moja (sehemu ndogo ya kumbukumbu ya prosesa), na kilichobonyezwa ndicho kinachosomeka sifuri.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini A yako inataka nguvu. Chukua ukinzani wa kushikilia laini kuwa kiloomu 10. Kidonge kizima chenye omu 500 kinaishusha laini hadi kama asilimia 5 ya volti. Konsoli haina shaka. Kidonge kilichochakaa au chenye mafuta, kikifika nacho kiloomu 10, kinaishusha hadi nusu tu, na nusu si juu wala chini. Ukikandamiza, eneo la mguso linapanuka, ukinzani unapungua, kitufe kinashika. Kitufe kinachotii nguvu, basi, karibu kila mara ni mpira au uchafu. Kisichosikia hata ukikikandamiza, fikiria bodi.

Badala ya kukisia, toa mpira, rudisha betri, washa konsoli, kisha unganisha vigusano viwili vya A kwa ncha ya kibano cha chuma. Gusa hivyo viwili tu, usiburute kibano kwenye vipuri vya jirani. A ikisoma papo hapo kila mara, bodi ni nzima na tatizo ni mpira. Isiposoma, mpira mpya hautakusaidia. Jaribio hili la sekunde chache huokoa fedha kuliko kifaa chochote kingine katika kazi hii.

Ukiwa na multimeta (kipima umeme), pima na kidonge chenyewe. Weka ncha mbili juu yake zikiachana milimita 2 au 3 bila kuzichoma ndani. Omu mia chache au pungufu ni sawa. Makumi ya kiloomu ni kibovu. Linganisha na kidonge cha kitufe kinachofanya kazi kwenye mashine hiyohiyo, maana jirani mzima ndiye kipimo bora kuliko namba yoyote ya kuandikwa.

Safisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 ukipata. Ya asilimia 70 inafaa, ila ina maji mengi zaidi, hivyo ipe muda mrefu kukauka kabla ya kurudisha betri. Kidonge kifutwe taratibu mara mbili tatu kwa kijiti cha pamba chenye unyevu. Ukikisugua mpaka pamba iwe nyeusi kabisa, unaondoa kaboni yenyewe. Kwenye bodi, tazama rangi ya vigusano kwanza. Vya dhahabu vinavumilia raba laini nyeupe ya kufutia penseli. Vyeusi ni kaboni iliyochapwa juu ya shaba, na hivyo spiriti kidogo tu: ukivipitishia raba au kisu umevimaliza. Dawa za kulainisha bawaba na minyororo zisikaribie hapa, kwa kuwa huacha mafuta ambayo hukusanya vumbi.

Kidonge kikiwa kimechakaa kweli, badilisha mpira mzima. Rangi ya kupitisha umeme, ya grafiti au fedha, hufufua kidonge kwa muda. Kipande cha karatasi ya alumini kilichogundishwa kinafanya kazi pia, lakini kinakwangua vigusano vyeusi. Mimi nisingekiweka pale.

Msalaba una jambo lake la ziada. Katikati, upande wa chini, una kinundu kinachokaa kama mhimili ili upande mmoja ukishuka wa pili unyanyuke. Kinundu kikilika, au mpira wa badala ukiwa mnene kuliko wa asili, au ukiwa umekaa upande, ukibonyeza kulia unashusha na juu. Toa mpira, hakikisha vijishimo vyake vimeingia sawasawa kwenye vijiti vya ganda, kagua kama kuna ukoko wa soda chini ya mkono wa juu wa msalaba, halafu jaribu tena. Pande mbili zinazopingana zikisoma pamoja, mhimili umekwisha. Badilisha plastiki ya msalaba. Ganda lisilo la asili ni mtuhumiwa mkubwa hapa, na linaweza pia kubana A isirudi juu.

Na ikiwa jaribio la kibano limeshindwa? Tafuta ukungu wa kijani au mweupe kwenye bodi. Kama mashine inatumia betri kavu za alkalini na zimevuja, tone la siki nyeupe kwenye pamba huvunja ukoko ule. Malizia kwa spiriti. Kisha pima kwa mlio wa multimeta, betri ikiwa nje, kutoka kigusano hadi sehemu inayofuata ya njia yake. Njia iliyokatika huunganishwa kwa waya mwembamba wenye enameli, wa milimita 0.1 hivi, ukilehemiwa pande zote mbili. Ikiwa hujawahi kulehemu, usijifunzie hapa.

Bega la kulia

Kwenye Game Boy Advance SP, DS na DS Lite, vitufe vya bega hubonyeza swichi ndogo iliyolehemiwa ukingoni mwa bodi: kisanduku chenye bamba jembamba la chuma lililojikunja kama kuba. Ziko mahali pabaya. Vumbi linaingia, jasho linaingia, na konsoli ikianguka, kona ndiyo inayofika chini kwanza. Konsoli nyingine hubandika kuba hilo kwenye waya bapa, lakini tabia ni ileile.

Kusoma mara mbili maana yake bamba linarukaruka linapogusa, na muda wa kuruka umepita ule ambao programu huupuuza. Betri ikiwa nje, weka multimeta kwenye miguu ya swichi na ubonyeze. Swichi nzima inatoka wazi kabisa hadi chini ya omu 1, bila kusita. Ikionyesha omu makumi au mamia, au namba zinacheza ukiwa umeishikilia, ndani ni chafu au imechoka. Tia tone moja la isopropili kando ya kitufe chake, bonyeza mara 50, subiri ikauke, pima tena. DS Lite nyingi hupona hivyo kwa wiki au miezi. Ikirudia, usisafishe mara ya tatu, badilisha.

Kabla ya kuibadilisha, isukume kidogo kando kwa kijiti cha mbao ukiangalia miguu kwa kioo cha kukuzia. Ikitikisika, lehemu imepasuka, na swichi yenyewe huenda ni nzima. Flaksi, lehemu mpya kidogo, chuma cha kulehemia kwenye nyuzi 330 hadi 350 za Selsiasi kwa sekunde 2 au 3 kila mguu, basi. Ukilazimika kuitoa, ongeza lehemu mpya kwenye ile ya zamani ili iyeyuke pamoja, na usivute mpaka miguu yote imeachia. Ukivuta mapema, kigusano kinang'oka na shaba yake.

Kijiti

Nimekiweka mwisho kwa sababu hapa kusafisha hudanganya watu kuliko mahali pengine.

Kijiti cha kawaida kina potenshomita mbili, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini. Kila moja ni utepe wa kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Volti ya kidole ndiyo inayosema kijiti kiko wapi. Kikiwa katikati, volti inapaswa kuwa karibu nusu ya ile inayolisha utepe: ikilishwa 1.8, tarajia kama 0.9. Kwa kuwa kijiti hukaa na kupita katikati kuliko penginepo, kaboni hulika hapo, na unga wake hubaki palepale.

Kujiendea kuko kwa namna tatu, na kila moja ina dawa yake. Rudi kwenye ukurasa wa kupimia. Sukuma kijiti juu mpaka mwisho, kiachie kirudi chenyewe, kumbuka iliposimama nukta inayoonyesha kijiti kilipo. Fanya hivyo chini, kushoto na kulia, mara tano tano.

Nukta ikisimama mahali palepale kila mara, lakini si katikati, una kosa la mizani. Kusawazisha upya kwenye mipangilio kunatosha, na huhitaji kufungua chochote.

Nukta ikisimama mahali tofauti kutegemea ulikotoka, chemchemi imechoka au kidole cha chuma kinakwama kwenye uchafu. Kusawazisha hakusaidii kwa sababu hakuna katikati moja ya kuifundisha mashine. Safisha mara moja. Ikibaki hivyo, badilisha.

Nukta ikirukaruka kijiti kikiwa kimetulia, au ikipita kwa kuruka ukisogeza polepole, utepe umelika. Spiriti itaondoa unga, mambo yatakuwa mazuri kwa siku kadhaa, halafu unga mpya utatoka kwenye jeraha lilelile. Hapo ndipo kijiti chako kipya kina kazi. Kupanua eneo tulivu (eneo la katikati ambamo miondoko ya kijiti hupuuzwa) kwenye mpangilio wa mchezo kunaficha dalili, lakini kunakunyima miondoko midogo, na eneo la kuficha litazidi kukua.

PSP ya kwanza ni ya peke yake: kijiti chake bapa hukaa upande wa ganda la mbele na huwasiliana na bodi kupitia kipande kidogo cha mpira unaopitisha umeme. Mpira huo ukiwa na mafuta au umekaa upande, kijiti hujiendea au hufa kabisa ilhali hakina kosa. Futa mpira na vigusano vyake vinne kabla ya kununua chochote.

Ukibadilisha, zingatia kufuli la waya bapa. Mengi hunyanyuka kama mlango, mengine huteleza nje, na kuna soketi chache zisizo na kufuli. Nyanyua kwa ukucha au kijiti cha plastiki, vuta waya wenyewe sambamba na bodi, usivute kufuli. Wakati wa kurudisha, waya uingie wote, na mstari uliochapwa ukingoni uwe sambamba na soketi. Ukiingia kimshazari, mwelekeo mmoja husoma na mwingine haupo, na watu wengi hulaumu kijiti kipya.

Kwa Switch kuna vijiti vya kihisi cha Hall, vinavyosoma sumaku badala ya kusugua kaboni, hivyo utepe wa kulika haupo. Chemchemi bado inaweza kuchoka, na sumaku ya kasha au ya stendi ikikaribia mno inaweza kusogeza katikati ya kijiti. Chochote utakachofunga, sawazisha upya baada ya kukifunga, hata kama kinaonekana sawa.

Mpangilio wa kazi yako

Fanya jaribio la nukta leo, bila kufungua. Likitoka la namna ya kwanza, sawazisha na uache kijiti cha zamani. Fungua kwa ajili ya A, msalaba na bega, ambavyo vinahitaji kufunguliwa kwa vyovyote, na kama kijiti ni cha namna ya pili au ya tatu, kishughulikie katika ufunguzi huohuo, baada ya vitufe kupita jaribio la kibano. Usibadilishe vitu viwili bila kupima katikati.

Wakati wa kufunga, rudisha skrubu mbili au tatu tu kwanza, zilizo pembe tofauti, kisha rudia zile mara 20, mara 20 na sekunde 10 kwa kila kitufe. Kitufe kilichokuwa kizima ganda likiwa wazi na kikagoma likifungwa, mpira wake umekunjwa ukingoni au waya bapa umebanwa. Ukikaza skrubu ya mwisho na kitufe kikakwama hapohapo, ilegeze robo mzunguko: imekazwa kupita kiasi au si ya tundu hilo, na mchoro wako wa karatasi utakuambia ni ipi.